Nyumba Imekwisha, Fundi Hajalipwa

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hana wakili, wala sidhani kama amewahi kukanyaga mahakamani. Lakini ukimpelekea kitambaa akushonee suruali, akaimaliza, nawe ukaja mikono mitupu ukisema mshahara umechelewa, suruali huipati. Itaning'inia pale kwenye msumari mpaka utakapoleta fedha. Fundi saa hufanya vivyo hivyo, na fundi redio, na wale wa gereji. Wala si ujeuri wao. Sheria inawaunga mkono: mtu aliyetia kazi yake katika kitu cha mwenzake ana haki ya kukishikilia kitu hicho mpaka alipwe ujira wake.

Sasa mfikirie fundi bomba. Nina jirani mmoja wa kazi hiyo, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye sote mtaani tunamwita Mzee. Miaka mitatu iliyopita alitandaza mabomba katika jengo la ghorofa nne hapa mjini. Kazi hiyo hakupewa na mwenye jengo. Alipewa na kampuni iliyoshinda kandarasi, nayo kampuni ilikuwa imewagawia watu mbalimbali vipande vya kazi: huyu umeme, yule milango, mwingine lipu na rangi. Alilipwa fungu la kwanza, akalipwa nusu ya fungu la pili, kisha zikaanza danadana. Kila akienda ofisini anaambiwa, "Mzee, mwenye jengo bado hajatulipa. Tukilipwa leo, kesho na wewe unalipwa."

Akaamua kumfuata mwenye jengo mwenyewe. Alipokewa kwa heshima, akapewa hata soda. Lakini jibu alilopata ni hili: "Mzee wangu, mimi mkandarasi nimemlipa, stakabadhi hizi hapa. Wewe nakujua kwa sura tu." Leo wapangaji wamejaa katika jengo lile. Mzee hulipita kila siku akiwa ndani ya daladala, na usiku huona taa za ghorofa ya nne zinawaka. Anasema mtu akifungua bomba kule juu, maji yanayotoka ni jasho lake.

Juma lililopita alinijia akaniuliza swali moja: "Hivi siwezi kwenda kung'oa mabomba yangu?" Nilimjibu kwamba hawezi, na kwamba akijaribu yeye ndiye atakayelala mahabusu. Akauliza, kwa nini fundi cherehani aweze na yeye asiweze? Swali hilo lilinirudisha kwenye vitabu, nami nikaona si vibaya mazungumzo yetu ya leo yakawa juu ya historia yake, maana wamelilia jambo hili watu wengi kabla ya Mzee.

Fundi wa ujenzi wa namna yake amezungukwa na kuta mbili ambazo hakuzijenga yeye. Ukuta wa kwanza ni wa ardhi. Sheria ya Kiingereza, ambayo sisi tuliachiwa na wakoloni, inasema kwamba kitu kikishikamanishwa na ardhi kinakuwa sehemu ya ardhi. Bomba likiwa dukani ni la mwenye duka, likiwa begani ni la fundi, likishafukiwa ukutani kwa saruji ni la mwenye kiwanja. Kwa hiyo hakuna suruali ya kuiacha kwenye msumari. Ukuta wa pili ni wa mkataba. Mkataba huwafunga wale tu walioufanya. Mzee ana mapatano na kampuni, kampuni ina mapatano na mwenye jengo, lakini kati ya Mzee na mwenye jengo hakuna neno. Mahakama za Uingereza zilikaza uzi huo katika kesi mashuhuri za mwaka 1861 na 1915.

Watu wa kwanza kuutoboa ukuta wa ardhi walikuwa Wamarekani, na sababu yao haikuwa huruma. Mwaka 1790 Bunge la Marekani liliamua kwamba makao makuu ya nchi ile changa yajengwe upya kabisa kando ya mto Potomac. Hapakuwa na mji pale. Palikuwa na mashamba, misitu, na ramani. Viwanja viliuzwa kwa kusuasua, na mafundi wenye akili zao hawakuwa tayari kuacha kazi Philadelphia au Baltimore na kwenda kumjengea mtu nyumba porini, mtu ambaye kesho huenda akafilisika. Mwezi Septemba 1791, Thomas Jefferson na James Madison, ambao wote wawili baadaye walikuwa marais, walikutana Georgetown na makamishna waliosimamia ujenzi wa mji huo. Moja ya mambo yaliyozungumzwa ni namna ya kuwapa mafundi uhakika wa malipo.

Tarehe 19 Desemba 1791, Bunge la jimbo la Maryland, ambalo ardhi yake ndiyo iliyokuwa ikitolewa, lilipitisha sheria kuhusu mji mpya wa Washington. Ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja cha ajabu kwa wakati ule. Fundi aliyejenga nyumba kwa mkataba wa maandishi, na mkataba huo ukathibitishwa na kuandikishwa katika daftari la hati, alikuwa na dai juu ya nyumba yenyewe na ardhi iliyo chini yake. Asipolipwa aliweza kwenda mahakamani ndani ya miaka miwili tangu kazi ya mwisho, na nyumba ikashikwa mithili ya nyumba iliyowekwa rehani, hata kama imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa maneno mengine, nyumba iliwekwa kwenye msumari.

Hapa lazima nisimame kidogo. Katika mji huohuo, miaka hiyohiyo, makamishna walewale walikodi watumwa kutoka kwa mabwana wao ili wafyeke misitu, wachimbe mawe, wafyatue matofali na kupasua mbao za Ikulu na jengo la Bunge. Ujira wa kazi hiyo ulilipwa, na vitabu vya hesabu vipo mpaka leo. Ulilipwa kwa mabwana. Sheria iliyotungwa ili fundi asidhulumiwe haikuwaona kabisa watu hao, maana mbele ya sheria wao wenyewe walikuwa mali.

Na hata kwa mafundi huru, kifungu kile kiliwafaa wale tu walioajiriwa na mwenye nyumba moja kwa moja. Fundi wa namna ya Mzee, aliyepewa kazi na mkandarasi, alibaki nje ya mlango. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Pennsylvania ilifuata mwaka 1803 na sheria ya mafundi wa Philadelphia, na katika karne ya kumi na tisa majimbo yakawa yanaipanua haki hiyo moja baada ya jingine, mpaka ikamfikia mkandarasi mdogo, muuza mbao na hata kibarua. California iliiandika katika katiba yake ya mwaka 1879, na ingali humo.

Wenye nyumba nao walipiga kelele, na kelele zao hazikuwa za bure. Mtu amemlipa mkandarasi wake fedha yote, mkandarasi ametokomea nazo, halafu anakuja fundi bomba asiyemjua na kuishika nyumba. Je, alipe mara mbili? Majimbo yalijibu kwa njia mbalimbali. Mengi yalimtaka mkandarasi mdogo atoe taarifa mapema kwamba yumo kazini, ili mwenye nyumba ajue ni nani wengine wanaongoja kula katika sahani ile. Jimbo la Ontario huko Kanada lilikwenda mbali zaidi. Kule mwenye jengo hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kila malipo, kusudi pabaki cha kuwagawia walio chini. Na tangu mwaka 1942, fedha anayoipokea mkandarasi kwa ajili ya kazi huhesabiwa kuwa amana mkononi mwake kwa ajili ya wale waliofanya kazi hiyo. Akiitumia kununulia gari kabla ya kuwalipa, amekula amana ya watu.

Ilibaki shida moja kubwa. Nyumba ya mtu binafsi unaweza kuipiga mnada, lakini nani ataipiga mnada posta, kambi ya jeshi au daraja la serikali? Katika kazi za serikali haki ile haikuwa na makali. Basi mwaka 1894 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyomlazimisha mkandarasi wa serikali kuleta dhamana, yaani kampuni nyingine ya kumdhamini, ili mkandarasi asipowalipa watu wake wailalamikie kampuni hiyo. Lilikuwa wazo zuri lenye kasoro. Dhamana ilikuwa moja tu, na serikali ndiyo iliyokula kwanza. Mafundi walingoja miezi mingi baada ya kazi kwisha, wakati mwingine wakakuta sahani imeshalambwa.

Sheria ya mwaka 1935, inayojulikana kwa jina la Miller, ilirekebisha kasoro hiyo kwa kutaka dhamana mbili: moja ya kumalizika kwa kazi, ambayo ni ya serikali, na nyingine ya malipo, ambayo ni ya mafundi na wauza vifaa peke yao. Sheria hiyo ingali inafanya kazi. Mkandarasi mdogo asiyelipwa hungoja siku 90 tangu kazi yake ya mwisho kisha anaweza kushitaki, lakini asivuke mwaka mmoja. Aliyepewa kazi na mkandarasi mdogo naye amo, ila lazima apeleke taarifa ya maandishi kwa mkandarasi mkuu ndani ya siku hizo 90. Baada ya hapo ngazi inakatika. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba aliyemuuzia vifaa mtu ambaye naye ni muuza vifaa tu, hakuingia. Mahali fulani, walisema, lazima mstari upigwe.

Wafaransa walifuata njia fupi zaidi, nami nakiri ndiyo inayonipendeza. Sheria yao ya tarehe 31 Desemba 1975 inasema kwamba mkandarasi mdogo aliyetambulishwa kwa mwenye jengo na kukubaliwa naye, asipolipwa na mkandarasi mkuu mwezi mmoja baada ya kumpa onyo la maandishi, humwendea mwenye jengo mwenyewe na kumdai alichokuwa bado hajamlipa mkandarasi. Katika kazi za serikali hana haja hata ya kuzunguka: hulipwa moja kwa moja. Uzuri wa sheria hiyo ni kwamba humlazimisha mwenye jengo ajue nani yumo ndani ya jengo lake. Lile jibu la "nakujua kwa sura tu" linakosa nguvu.

Na Waingereza, ambao sheria yao ndiyo mama wa yetu? Hawakuikubali kamwe haki ile ya kuishika nyumba ya mtu. Mafundi wao waliishi kwa miaka mingi chini ya kile kifungu ambacho Mzee anakijua kwa ghibu: nikilipwa, nitakulipa. Kiliandikwa katika mikataba bila haya. Mwaka 1994 Sir Michael Latham alitoa ripoti kuhusu sekta ya ujenzi ya nchi hiyo, akaonyesha jinsi ugomvi wa malipo ulivyokuwa ukiitafuna. Bunge likatunga sheria mwaka 1996, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1998. Kifungu cha nikilipwa-nitakulipa kilipigwa marufuku, isipokuwa pale mlipaji wa juu amefilisika. Na kila mtu katika ujenzi akapewa haki ya kupeleka ugomvi wake kwa mwamuzi ambaye hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 28.

Wakandarasi wakubwa walijaribu kuupuuza uamuzi wa waamuzi hao, wakidai una makosa. Mwaka 1999 jaji mmoja wa London aliwakatia maneno: lipa kwanza, mabishano baadaye. Tangu siku hiyo mkandarasi mdogo wa Uingereza alipata kitu ambacho hakuwa nacho tangu enzi, nacho ni haraka.

Lakini haraka haimfufui maiti. Januari 2018 kampuni ya Carillion, mojawapo ya wakandarasi wakubwa wa nchi ile, ilianguka. Kamati za Bunge zilizochunguza ziliandika kwamba ilikuwa inadaiwa kama pauni bilioni 2 na wakandarasi wadogo, wauza vifaa na wadai wengine wa muda mfupi wapatao 30,000. Hospitali mbili kubwa, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham, zilisimama zikiwa nusu. Mwamuzi wa siku 28 hana la kumsaidia mtu ambaye mdeni wake amekufa. Aliyekuwa na dai juu ya jengo, au dhamana, au haki ya kumfuata mwenye mradi, angeambulia kitu. Ndiyo maana naona Waingereza walitibu homa wakauacha ugonjwa.

Sasa turudi nyumbani, maana Mzee hakai London wala Maryland. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo leo ni Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, na ilichota karibu kila kitu kutoka sheria ya India ya mwaka 1872 ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia Tanganyika. Haimpi fundi haki ya kushika jengo kwa mtindo wa Maryland, na Kenya nako ni hivyohivyo. Lakini Mzee si mtu wa mikono mitupu.

Kwanza, mapatano ya mdomo ni mapatano. Wengi hudhani kwamba bila karatasi yenye muhuri hakuna kesi. Si kweli; shida ya mapatano ya mdomo ni ushahidi, na ushahidi unaweza kuwa kidaftari, hati ya kupokelea vifaa iliyosainiwa saiti, shahidi aliyekuwapo, au ujumbe wa simu. Tangu mwaka 2015 sheria ya Tanzania imeeleza waziwazi jinsi kumbukumbu za kielektroniki zinavyopokelewa mahakamani.

Pili, kuna saa inayokwenda. Madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, hapa na Kenya pia. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu tu kabla muda haujaisha, saa huanza kuhesabu upya. Kwa hiyo mkandarasi anayekurushia laki moja ya kukupoza anaweza kuwa amekufufulia dai bila kujua. Usimkatalie.

Tatu, hundi. Kama mkandarasi alikupa hundi nayo ikarudi benki haina fedha, sheria ya mwenendo wa kesi za madai ina njia ya mkato. Katika njia hiyo mdaiwa hana ruhusa ya kujitetea mpaka kwanza aiombe mahakama na aonyeshe sababu. Nimeona watu wakichana hundi zilizorudi kwa hasira. Hasira hiyo huwagharimu.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, tangu mwaka 2021 zimefunguliwa mahakama za madai madogo, kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za huko, na shauri hutakiwa limalizike ndani ya siku 60. Mafundi wengi madai yao yanaingia humo.

Katika miradi mikubwa, hasa ile yenye fedha za wafadhili, hutumika mikataba ya FIDIC. Toleo la mwaka 1987 na lile la 1999 yote yana kifungu cha kumlinda mkandarasi mdogo aliyeteuliwa na mwenye mradi. Mhandisi anaweza kumdai mkandarasi mkuu ushahidi kwamba amemlipa, na asipouleta, mwenye mradi anaweza kumlipa mteuliwa huyo moja kwa moja na kumkata mkandarasi. Angalieni neno "aliyeteuliwa". Yule aliyeokotwa na mkandarasi mwenyewe, kama Mzee, hamo. Na kama mkataba wako unataja usuluhishi, Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, lina utaratibu wa kusuluhisha migogoro hiyo.

Kipo pia kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba, ambacho mawakili hupenda kukitikisa mbele ya watu wa namna ya Mzee. Kinasema mtu akikufanyia jambo halali bila kukusudia kukufanyia bure, nawe ukafaidika, unapaswa kumlipa fidia. Ukikisoma haraka utasema hicho ndicho kitakachombana mwenye jengo. Lakini mwenye jengo atajibu kwamba kazi haikufanywa kwa ajili yake, ilifanywa kwa ajili ya mkandarasi aliyeahidi kuilipa, na jibu hilo lina uzito. Sikumshauri Mzee aweke fedha yake ya mwisho hapo.

Nilichofanya ni kukaa naye barazani Jumapili. Alileta kidaftari chake, kimelowa maji ya saiti lakini kinasomeka: mita za bomba, idadi ya viungo, tarehe, na saini za msimamizi wa kampuni kila vifaa vilipofika. Tulitafuta siku alipolipwa ile nusu ya fungu la pili, tukahesabu kuanzia hapo. Ana miaka mitatu na miezi kadhaa mkononi. Tuliangalia pia kama kampuni ile bado ingali hai, maana Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina daftari lake na jina limo, na anwani.

Tukaandika barua. Alitaka kuanza na salamu ndefu na kuulizia afya za watoto; nikamwambia aanze na tarehe, kazi, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki. Kuhusu hadithi ya kwamba mwenye jengo hajalipa, tuliandika sentensi moja tu: hayo ni mapatano yenu na yeye, mimi nilipatana na ninyi. Mjukuu wake aliinakili kwa mwandiko mzuri, nakala tatu. Moja aliipeleka mwenyewe mapokezi, akaomba igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na ikagongwa. Amewapa siku 14. Zinaisha Jumanne.